Cheche ya Bluu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Cheche, maana tangu aanze ufundi hakuwahi kuiamini injini mpaka aione cheche kwa macho yake. Ndiyo maana hata baada ya kufunga koili mpya zenye nguvu, zile za kutoa cheche, kwenye gari la binti yake, na injini ikanguruma vizuri ajabu, roho yake haikutulia.

"Baba, si imeshawaka? Iache basi."

"Usinifundishe kazi mimi! Nilianza hujazaliwa."

Akachomoa koili moja injini ikiwa inawaka, akaisogeza karibu na chuma, kama alivyozoea kwenye magari ya zamani. Cheche ikaruka, nene, ya bluu, nzuri kuliko zote alizowahi kuziona. Papo hapo gari likazimika. Cheche ile ilikuwa imeunguza kompyuta inayoongoza injini.

Alizungusha ufunguo mpaka jasho likamtiririka. Wapi!

Binti hakumlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Alisogea pembeni, akampigia simu fundi mwingine.

"Njoo na mashine ya kupimia, fundi," Cheche alimsikia akisema kwa upole. "Hapana, hakuna fundi aliyeligusa. Ni mzee wangu tu, alikuwa analichezea."