Sajenti Aliyeshika Uzi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida walinuniana kwa sababu ya pasi. Mzee, fundi viatu, aliiacha juu ya shati lake mpaka likatoboka. Mkewe, sajenti muuguzi mstaafu, akamwambia kwa akili hizo angefika ukanali. Wakanywa chai. Kesho yake mama huyo akaanguka bafuni, hakuamka.

Msibani wakubwa wa jeshi walisema marehemu alikuwa mtiifu. Mzee akatazama viatu vyao. Vilikuwa vimesuguliwa vizuri kuliko hotuba.

Mtiifu. Haya.

Miaka sita nyuma, hospitali ya jeshi alikofanya kazi mama iliwaletea watu wa chumba cha upasuaji mafunzo ya kufanya kazi kwa pamoja. Siku tatu ukumbini, maji ya chupa kwa kila mtu. Aliyeongoza ni kanali, daktari mpasuaji. Akawavua wote vyeo, naye akabandika kifuani karatasi ya "Mwenzenu". Akasema yeyote akiona hatari aseme simama, hata mfagiaji. Kisha akawapima. Akalaza sanamu la plastiki lililovunjika mguu wa kushoto, akaanza kukata wa kulia. Watu tisa wakatazama. Kapteni wa dawa ya usingizi akampangusa jasho. Mguu mzima ukadondoka sakafuni. Kanali akafoka, mbona hamkusema? Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, afande." Wote wakapewa vyeti.

Wiki mbili baadaye akaletwa askari aliyechanwa tumbo na chuma. Kanali akamaliza, akaomba uzi wa kushonea. Mama akahesabu shashi za kufyonzea damu: zimeingia thelathini, zimetoka ishirini na tisa. Akarudia. Ishirini na tisa.

"Simama, afande."

Kanali hakugeuka. Akasema amehesabu vibaya, alete uzi. Kapteni ghafla akaipenda sana dari. Mama alibakiza miezi minne astaafu, na kukaidi amri kulikuwa ni kufukuzwa. Lakini shashi ikibaki ndani huoza, na mwenye tumbo huoza nayo. Akaufunika uzi kwa viganja vyote viwili, akatulia hapo.

Kanali akatia mkono tumboni apate kumwonyesha ujinga wake. Ukatoka na shashi, ilikuwa imejibanza nyuma ya ini. Hakuna aliyefungua mdomo. Ushirikiano ulioje.

Askari akapona. Mama akaitwa mbele ya kamati kujibu kosa la kumkatalia mkubwa, na kanali mwenyewe amekaa katikati. Mzee alishinda siku hiyo akigongelea soli ileile, akijua mke atarudi hana kazi. Akarudi, akavua viatu, akamsimulia kwa maneno machache. Wamemwachia, ila wamemkanya. Kanali alikuwa amemuuliza nani alimpa ruhusa ya kumzuia, naye akamjibu akiwa wima:

"Ni wewe, afande. Mimi mafunzo yako niliyaamini. Wenzangu ndio waliokuelewa."