Likelemba ya Kampuni

Nilipewa meza kwenye chumba cha kulia chakula cha ghala, karibu na mashine ya soda, kwa sababu moja tu: nilijua Kiswahili. Kazi yangu hasa ilikuwa ukarani wa mishahara. Lakini Novemba ile ya 2018, wiki ya kujiandikisha bima, bosi wangu alitazama orodha ya Wakongo na Warundi wa zamu ya asubuhi, akanitazama mimi Mtanzania, akasema hao wote ni wako. Alitaka saini zao kabla ya Ijumaa.

Niseme wazi kwamba nilikuwa na dharau. Mimi nilikuja Texas kwa viza ya masomo, nikivuta sanduku la magurudumu. Wao walikuja kwa ndege za wakimbizi, wameshika mifuko ya plastiki yenye karatasi zao. Wikendi, nikiwa na marafiki zangu, nilikuwa naigiza Kiswahili chao na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilijiona mjanja kweli.

Mmoja kwenye foleni alikuwa mfungashaji mizigo, mtu wa Uvira. Alikaa mtaa wa Vickery Meadow na kuja kazini Grand Prairie kwa kubanana na wenzake wanne kwenye gari moja. Alinionyesha karatasi ya daktari. Mke wake alipoteza usikivu kwa homa walipokuwa kambini, alihitaji mashine za masikio, na bima yetu haikulipia mashine hizo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Anataka asikie mutoto akilia, mama," aliniambia.

Nikamweleza akaunti ya matibabu. Kila malipo ya mshahara kampuni inakata kiasi kabla ya kodi, unapewa kadi, unalipia nayo mambo ya hospitali. Akauliza ni nani anayeshika hizo pesa. Nikaeleza. Akauliza tena. Nyuma yake kulikuwa na watu thelathini, na mimi njaa inaniuma.

"Papa, ni kama likelemba," nikamwambia. "Unaweka, unaweka, zamu yako ikifika unachukua."

Uso wake ukafunguka. Likelemba, ule mchezo wa kuchangishana na kupokezana ambao sisi kwetu tunauita upatu, aliujua tangu utotoni, kwa mama yake. Alisaini pale pale, akaomba akatwe kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Mimi nilifurahi kwamba foleni imesogea.

Kadi ilimfikia Januari na hakuigusa. Kwenye likelemba, anayechukua kabla ya zamu yake amewaibia wenzake, na yeye hakuwa mwizi. Kila baada ya wiki mbili alikatwa, akajibana, akasubiri mwaka uishe. Na mimi niliona. Ripoti ya akaunti zile ilipita mezani kwangu kila mwezi, na kwenye mstari wake hapakuwa na matumizi yoyote. Nilidhani ni ubahili.

Siku moja, tunasubiri chakula kipate moto, nilimtania kwamba anaficha hela. Alicheka kwa adabu. Mtoto alikuwa amezaliwa Machi, wa kike. Mke wake, alisema, hulala ameweka mkono kifuani mwa mtoto ili ahisi akilia. Nikasema pole, nikachukua bakuli langu, nikaenda kula.

Oktoba kampuni ikabandika tangazo: pesa isiyotumika hadi mwisho wa Desemba inapotea. Lilikuwa kwa Kiingereza na Kihispania. Bosi hakuniagiza kulitafsiri, na mimi sikuwa mtu wa kujitafutia kazi isiyolipwa. Novemba mfungashaji alirudi kwenye meza yangu, akakataa kujiandikisha kwa mwaka unaokuja.

"Nikamate kwanza yangu," alisema, yaani achukue kwanza zile alizokwisha kuweka.

Nikaweka alama kwenye hapana, nikamwita anayefuata.

Januari 2020 alikuja ofisini amevaa koti la kanisani, na mke wake na mtoto. Walikuwa wametoka kwenye duka la mashine za masikio. Mke alizivaa dakika chache za majaribio, akamsikia binti yake akipumua, kwa mara ya kwanza. Kisha kadi ikakataa, na muuzaji akazitoa masikioni mwake.

"Labda nimekosa tarehe, mama," mume alisema. "Tour yangu ya kuchukua haijafika?"

Nikapiga simu kwa wanaotunza akaunti, nikaweka spika. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Akasema salio limefutwa, labda awe na risiti za matibabu ya mwaka uliopita. Hakuwa na risiti hata moja.

"Sikugusaka hata kidogo," alisema nilipomtafsiria. "Sasa nani amezikula?"

"Kampuni," nikasema, maana ndivyo sheria ilivyo.

Mke wake alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akamvuta kitenge. Tangu waingie hakuwa ametoa sauti, na baba yake akanieleza kwamba siku hizi halii kabisa. Akitaka kitu huvuta nguo.

Yule mwanamke wa simu bado alikuwa anazungumza. Alisema haelewi kwa nini bwana huyu alisubiri. Pesa yote ya mwaka ilikuwa tayari kutumika kwenye kadi tangu siku ya kwanza ya Januari ile, kabla hajakatwa hata senti. Angeweza kununua mashine wiki hiyo hiyo, mtoto akiwa bado tumboni. Hayo yaliandikwa kwenye kijitabu nilichokuwa nacho mezani siku ya foleni, na nilikuwa nimekisoma.

"Anasema nini?" mume aliuliza.

"Anasema pole."

Akainama karibu na simu ili asikike vizuri. "Thank you, madam," akamwambia. Kisha akanigeukia, akanishukuru na mimi.