Chupa Saba za Tope la Ruiru

Niliacha shule darasa la nne, nikazunguka mashamba ya mkonge na kahawa, na miaka ya hali ya hatari ikanikuta Ruiru na kazi ambayo nilishindwa kuwaeleza watu. Mzungu mmoja mzee aliyekaa Thika alichunguza bahari. Aliniambia maji ya mto Ruiru huingia Athi na kutokea karibu na Malindi, na kwamba huko bahari inageuka rangi ya chai, matumbawe yanakufa chini ya udongo wa mashamba yetu. Sikuwa nimewahi kuiona bahari. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka, akanipa kazi.

Kila asubuhi nilichota chupa moja darajani. Jumamosi nilimpelekea zote bila kuzitikisa, tope likiwa limetulia, alipime kwa rula. Vizibo nilivifunga kwa kamba za mgomba, kama tunavyofunga vitu kwetu magharibi.

Jumamosi moja baada ya mvua kubwa, askari wawili walinisimamisha kwenye kizuizi. Mmoja, mwenyeji mwenye mvi, alifunua kikapu, akahesabu kwa midomo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ziko saba," alimwambia mwenzake. "Udongo, maji na mgomba."

Nilielewa hapo hapo. Kwa wenyeji wa huko saba ni hesabu ya mkosi, si ya kuchezea, na viapo vya siri vya waasi vilisemekana kufanywa kwa vitu hivyo hivyo. Kwenye kambi ya vibarua nilikolala watu wawili walikuwa wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Hawakuwa wamerudi.

"Ni maji ya mto, afande. Ni ya wiki nzima. Kuna mzungu anayapima."

"Mzungu amekosa maji Thika?" mwenzake alicheka. "Mtu wa ziwa, kwenu mlikunywa ziwa likaisha?"

Mwenye mvi hakucheka. "Kama ni maji, kunywa."

Nilifungua ya Alhamisi, iliyokuwa na tope jingi kuliko zote. Niliinywa yote, na mchanga ukabaki kwenye ufizi. Alinitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayengoja nianguke, kisha akakisukuma kikapu kwa mguu. Chupa zikalala, tope likachanganyika na maji.

"Nenda. Na usinipitie hapa tena na saba."

Thika nilimweleza mzungu kila kitu. Alisikitika, akasimamisha zile sita zitulie upya, lakini kwenye daftari safu ya Alhamisi aliiacha tupu. Nilimwonyesha kwa kidole tope lilifika wapi. Akatikisa kichwa: kisichopimwa hakiandikwi.

"Jumatatu utachota kama kawaida?"

"Ndiyo, bwana," nilisema.

Jumatatu mapema nilikuwa nimeshavuka kwenda upande wa Machakos, kwa njia isiyopita kwenye kizuizi kile. Pengine alingoja Jumamosi nzima. Wiki hiyo mvua ilinyesha kila siku, na sijui ni udongo kiasi gani uliopita.