Mume Wangu Ameniita Shemeji

Admin, jina langu lisitoke tafadhali, maana mume wangu naye husoma humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Tanga, naishi Dubai na mume wangu. Yeye ni mlinzi kwenye jengo moja la Marina, mimi nasafisha vyumba hotelini. Tumepanga chumba International City, kimegawanywa kwa mbao, jirani akipiga chafya tunamwombea afya. Tunavumilia kwa sababu ya nyumba tutakayojenga kwetu. Tumeipanga kwa maneno tukiwa tumelala: mlango wa buluu, jiko lenye madirisha mawili, na baraza la mbele la mama yangu, kwa kuwa miguu inamsumbua na anapenda kukaa nje.

Mwaka huu mume wangu alinunua laptopu iliyotumika, akaanza mchezo mmoja wa mtandaoni. Humo kila mtu anajitengenezea mdoli wake, anamvisha, anamtembeza, na anaongea na wadoli wa wengine kwa kuandika. Wa kwake ni mrefu, hana kitambi, anavaa suti. Nilicheka sana. Kisha siku moja nikamkuta mdoli huyo amekaa bega kwa bega na mdoli wa kike mwenye kiuno cha nyigu. Nikauliza, huyu nani?

"Mama, hiyo gemu tu. Khalas," akasema, akaifunika laptopu. Jamani, gemu gani ya kufichwa mke?

Nikamweleza Wanja, Mkenya ninayefanya naye kazi. Siku yetu ya mapumziko tukaingia intaneti kafe moja Bur Dubai, akanitengenezea mdoli.

"Nikufanye slim, ama?" akauliza.

Nikamwambia aniwekee mwili wangu huu huu na mtandio wa njano kama wangu, jina tu liwe la uongo. Jina la mume wangu la humo nilikuwa nimeliona, Wanja akalitafuta, tukafika nyumbani kwake. Mlango ulikuwa wa buluu.

Nikaandika hodi. Akafungua yule kiuno cha nyigu. Ni Mswahili mwenzetu, anasema anaishi Muscat. Alinipokea kwa adabu, hilo simnyimi, akanitembeza.

"Mume wangu kanijengea mwenyewe," akaandika. "Tazama jiko, madirisha mawili, upepo unapita. Na hapa nje ni baraza la mama."

Mama yupi? Mama yangu yuko hai Tanga anasubiri baraza hilo, na huyu ameshalipangia maua! Wivu ulinikaba, Wanja akanishika mkono nisije nikaivunja kibodi ya watu. Mara suti ikaingia, ikaandika, "Karibu shemeji, jisikie uko nyumbani."

Shemeji! Mimi niliyempikia chapati asubuhi ile ile! Bora angekuwa na kimada wa mtaani, ningejua pa kumshika. Huyu nitamvuta nywele zipi, na zenyewe za kuchora?

Nimerudi kule mara kadhaa, siwezi kujizuia. Mwanamke amenizoea, ananiita dada. Sasa ananiambia kumbe bado hawajaoana, Ijumaa hii wanafunga harusi humo humo, na anataka niwe somo yake, nimfunde namna ya kumtunza mume. Mimi ndiye nijuaye chai yake inataka tangawizi kiasi gani na bega lipi linamuuma akitoka kazini. Nimpe na hilo?

Jana nikimkanda bega hilo akaniambia, "Ijumaa nitachelewa, kuna shifti ya ziada." Nikaitikia inshallah, machozi yakinilenga.

Msinicheke kwamba ni wadoli. Nyumba ile ni yangu. Nishaurini, ndugu zangu: niende nikamfunde mke mwenzangu, au nisimame mbele ya wageni wao niandike jina langu la kweli? Naogopa, kwa sababu nilisimama mlangoni pake na mwili wangu huu na mtandio wangu huu, na hakunitambua.