Dada Asiyekuwepo Matrah

Khattab alimwekea mamake kadi ya basi mezani, karibu na dawa zake za presha.

"Hii ya wazee, mama. Unaigusisha tu kwenye mashine, hulipi nauli. Sasa utakwenda utakako, humngoji mtu."

Bi Kheiria akashukuru. Tangu mumewe Suud afariki, Khattab ndiye aliyekuwa akija kumtembeza kwa gari kila Ijumaa. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake.

Basi akaanza safari zake: asubuhi kutoka kwake Mawaleh mpaka sokoni Matrah, adhuhuri kurudi. Hakuwa na cha kununua wala wa kumzuru. Alikaa kiti cha mbele, akasikiliza watu wakizungumza.

Siku moja karibu yake akakaa Shamira, msichana wa Kiganda, mfanyakazi wa nyumbani aliyetumwa sokoni. Alikuwa akiongea Kiswahili kwenye simu. Alipokata, Bi Kheiria akashindwa kujizuia.

"Kiswahili huku Uarabuni umekitoa wapi, mwanangu?"

Shamira akashtuka, kisha akacheka. "Nairobi, mama. Na wewe je?"

"Mie nimezaliwa Unguja."

Njia nzima wakazungumza: mapishi, mvua, waume wavivu. Bi Kheiria alicheka hata akafuta machozi kwa ncha ya shela.

"Unaenda kwa nani huko Matrah, mama?"

Akaona haya kusema haendi kwa mtu. "Nnakwenda kwa dada yangu. Mgonjwa."

"Pole! Basi nitakusindikiza, jua ni kali."

Alikataa, lakini binti hakusikia. Akamshika mkono wakaingia vichochoroni, Bi Kheiria akiongoza asikokujua, mpaka akachoka akaonyesha mlango wowote tu.

"Ndo hapa. Nenda, usije ukagombezwa."

Shamira akabisha hodi mwenyewe. Akafungua mwanamke wa makamo, aitwaye Bakhita. Bi Kheiria akawahi kumwambia kwa Kiarabu kwamba amezidiwa na joto, anaomba maji. Shamira, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni tu, akaona mzee amepokewa vizuri. Akapunga mkono.

"Msalimie mgonjwa!"

Bi Kheiria akanywa maji na kula tende mbili katika nyumba ya watu asiowajua. Bakhita akamuuliza kama ana watoto.

"Nnaye mmoja," akajibu. "Hanitupi. Kila Ijumaa yuko kwangu."

Kesho yake alipanda basi la mapema zaidi, asije akakutana na Shamira akaulizwa hali ya dada.