Marahaba Iliyokwama

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi, na kwa ufupi wake nilidhani hautanisumbua. Mtoto anavunja buli la bibi yake, anakimbia kujificha, anarudi na kusema, "Shikamoo, bibi." Bibi ananuna kidogo, kisha anaitikia, "Marahaba." Basi, kasamehewa. Aliyelelewa kwetu anajua kuwa bibi akikukasirikia, marahaba huipati.

Ulikuwa mchezo wa kwanza wa Kiswahili katika skuli yetu ya Bawshar, huku Uarabuni ninakosomesha. Mudira, mkuu wetu wa skuli, ambaye hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, alinikubalia kwa shingo upande: tukifedheheka, mwakani tunarudi kwenye Kiarabu. Nami nilikwisha alika mabibi wa nusu ya mtaa. Mdomo wangu huu!

Bibi wetu wa jukwaani alikuwa msichana wa darasa la tatu. Nilimfunga kanga, nikampa bakora, akainama na kukohoa mpaka wenziwe wakavunjika mbavu. Kwa kukohoa hakuwa na mpinzani. Lakini mjukuu alipomwambia, "Shikamoo, bibi," naye alijibu, "Shikamoo."

"Sema marahaba, mama."

"Shikamoo," akasema tena, kwa adabu zote.

Mazoezi yakaenda hivyo, bibi na mjukuu wakiamkiana kama wageni wanaopishana mlangoni. Nilikasirika, nikajituliza, nikakasirika tena. Mwisho nikamwita pembeni.

"Kwani neno hulijui?"

"Nnalijua, abla," akasema, kama wanavyotuita walimu wao. " Lakini hilo la wakubwa. Mimi huamkia tu. Bibi akinisikia atasema sina adabu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tangu azaliwe mtoto yule hakuwahi kuamkiwa na mtu. Nikamwambia akaombe ruhusa kwa bibi yake. Kesho yake alikuja uso umemchanua: "Kan'ruhusu!" Marahaba ikaanza kutoka, ndogo lakini safi, nami nikashukuru Mungu.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa mabuibui na harufu ya udi. Nilisimama nyuma ya pazia. Buli likavunjika vizuri, mjukuu akakimbia, akarudi. "Shikamoo, bibi."

Marahaba haikutoka. Msichana alikuwa anatazama mstari wa mbele, alikokaa bibi yake wa kweli. Nilinong'ona "marahaba, marahaba" mpaka mate yakanikauka. Mudira akageuza shingo kunitafuta.

Mara msichana yule akainuka mkekani. Akajikongoja na bakora yake hadi ukingoni mwa jukwaa, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia bikizee kitini pake, wala hakushangaa. "Haya, kamwitikie mwenzio, anakungoja."

Akarudi, akakaa, akakohoa. "Marahaba," akasema, nzito, ya mtu mzima kabisa.

Vigelegele vilipanda. Nikakaa juu ya kasha la nguo za mchezo, nacheka na machozi yananitoka. Nimesomesha miaka mingi, sijapata kufurahi vile kazini.

Mudira akaja nyuma ya pazia, akaniuliza kwa Kiarabu kama kile kipande cha mtoto kwenda kumwamkia bibi wa watu nilikitunga mimi. Nikamwambia hapana, wamekitunga wenyewe wawili.

"Basi mwakani usikiondoe," akasema.

Niliposikia hilo "mwakani," ndipo niliposhusha pumzi.