Jani Nililokata kwa Mama

Nilimwonea wivu mwenzangu wa kazi tangu siku ya kwanza, na sitajitetea. Tuliajiriwa asubuhi moja katika maabara ya mimea, yeye wa Kibera, nyuma ya shule ya Olympic, mimi wa Kabiro, Kawangware. Alama zangu ndizo zilizokuwa nzuri. Lakini kufikia saa nne mkuu wa maabara alishamzoea, mpishi anamwongezea chai, na mimi bado naulizwa, "Na wewe ni nani tena?" Ai! Siku hiyo hata chakula hakikushuka.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta kiazi kitamu kinachostahimili virusi, ule ugonjwa unaokunja majani na kumaliza shamba. Mkuu alisema wazi: nafasi ya kwenda kusomea uzamivu ng'ambo ni moja, na ataipata atakayeleta mmea unaostahimili na kuonyesha ulikotoka. Asipopatikana, wataangalia alama. Nikaapa ni yangu.

Mimi nilichukua mbegu za hifadhi, zenye namba na karatasi. Yeye akazunguka kwa akina mama waliotoka Magharibi na kule ziwani. Hao, wakihamia Nairobi, hubeba marando, mashina ya kupandia viazi vya kwao, kwenye gazeti lililoloweshwa, wakayapanda ndani ya gunia mlangoni. Alifika hadi kwetu. Mama yangu, ambaye mimi hunipa chai na kurudi kwenye redio yake, alimketisha, akamchemshia viazi, akamwita "binti yangu", akamkatia marando. Wiki yetu ya kwanza kazini alikuwa amenikatia mimi. Niliyatupa mtaroni, naona aibu kuingia nayo kazini. Sasa nikawa namwonea mtu wivu kwa kitu nilichokitupa mwenyewe. Mnaona ujinga?

Basi akapanda vipande vyake kwenye chupa, akataka kuandika majina ya wenyewe. Mtu wa maabara huandika kwa penseli juu ya utepe, maana kila chupa hupanguswa kwa spiriti kabla ya kufunguliwa, na spiriti hufuta wino. Yeye alikuwa mgeni wa kazi hiyo, akaulizia marker. Nilimwazima yangu. Ndiyo, kwa mkono wangu huu. Wiki tatu baadaye alipangusa chupa zote, akabaki hajui ipi ni ya nani. Alilia chooni. Nilimshika bega nikamwambia, "Pole, mrembo," na moyoni nasikia raha.

Lakini yule mtu hakati tamaa! Alizihamishia mbegu zake zote kwenye udongo, akaziweka katika banda lenye ugonjwa pamoja na zangu. Zangu zikakunjamana zote. Zake pia, isipokuwa shina moja, majani yake kijani kabisa. Akanijia mbio.

"Dada, wewe ndiye unayejua mambo ya DNA. Tukusanye majani kwa wale akina mama wote, ulinganishe. Mimi nizunguke Kibera, wewe Kawangware. Nisaidie, aki."

Nilianza kwetu. Kabla ya mtaa wa Kongo, kabla ya jirani yeyote, nilikata jani kwenye gunia la mama na kuondoka. Kwenye mashine mistari ililingana na ya lile shina, yote, hadi wa mwisho. Mmea ule nilikuwa nauruka kila asubuhi nikienda shule. Kama ningekuwa mimi niliyeuleta, ningeshafunga mizigo.

Nikafuta matokeo. Kwenye ripoti niliandika akina mama wengine wote, na mbele ya kila mmoja: haufanani. Mama yangu sikumwandika. Mmea usiojulikana ulikotoka haukukubaliwa, na nafasi ikaenda kwa mwenye alama.

Siku ya kuniaga majirani walijaa nyumbani, wakaniombea. Mwenzangu alikuja na sweta aliyoninunulia kwa ajili ya baridi ya huko, akanivisha mwenyewe, akicheka kwa furaha ambayo mimi nisingeweza kumfanyia. Kisha akapokea kiazi kutoka kwa mama.

"Mama, viazi vyako vitamu jamani. Pole, kwenye ile kazi ya kupima majani tulikusahau."

"Kunisahau?" Mama alishangaa. "Huyu alianza na mimi! Alikata jani pale, hata salamu hakutoa, mbio kama mwizi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliangalia gunia pale mlangoni, akaniangalia mimi ndani ya sweta yake. Alimaliza kiazi chake taratibu, akanawa mikono, akamwomba mama amkatie rando moja tena.

Mama akainama, akapekua, akamchagulia lile refu kuliko yote, akamfungia kwenye gazeti. Na hata hapo, nikijua kesho litafika mezani kwa mkuu, nikijua nimekwisha, kilichoniuma kwanza ni kwamba mama alimchagulia lile refu.